Prado, Hilux ama Land Cruiser ya Dizeli? Hivi Ndivyo Unachagua Oili na Filta Kabla Injini Ikufie Njiani

Kama uko na ndinga ya dizeli ya kupanda milima, ama mko kwa harakati za kuchanga mnunue moja na mbogi, hii ni yako. Isome pole pole, iweke kwa simu, alafu uende nayo kwa duka la spea.

Kwanza nikuambie venye nilijua haya maneno. Anko yangu alikuwa na Prado ya dizeli ya kubeba watalii. Ilimdedia kati ya Baragoi na South Horr, wageni wakiwa ndani, taa nyekundu ya oili ikiwaka. Fundi alipoifungua, ile filta "mpya" ya sevisi ya juzi ilikuwa filta mzee, imeoshwa ikapakwa rangi. Karatasi ya ndani ilikuwa imeraruka na vipande vikaziba njia za oili. Prado ilikuwa na loan, na ndiyo ilikuwa inanilipia karo. Nikaachia college mwaka wa pili, nikashika spana kwa gereji ya mtaa kabla nianze kuandika. So hizi si stori za jaba.

Ukisahau yote, shika hii moja: usinunue jina, nunua herufi. Picha ya gari ya rali mbele ya mtungi haikusaidii na kitu. Maandishi madogo ya nyuma ndiyo yanaongea.

Kusoma mtungi wa oili

Kuna vitu viwili vya kucheki.

Ya kwanza ni uzito, zile namba kama 15W-40 ama 5W-30. Namba ya kwanza, yenye W, inaonyesha venye oili inatembea injini ikiwa baridi. Ya pili ni venye inabaki nzito injini ikishachemka, kwa nyuzi 100. Baridi ya asubuhi ya Nyahururu inaweza kukufanya uvae jaketi mbili, lakini kwa oili ya 15W hiyo si baridi. Shida yetu kubwa ni joto na vumbi, si theluji.

Ya pili ni kiwango. Kwa alama ya API, herufi S ni ya injini za petroli na C ni ya dizeli. Kwa hivyo CF-4, CH-4, CI-4 na CK-4 ni familia ya dizeli, na kwa hiyo laini venye herufi ya pili inasonga mbele ndivyo kiwango ni kipya zaidi. Ukiona SN peke yake bila C yoyote, rudisha kwa shelfu. Dizeli inatoa masizi mengi, na oili yake imetengenezwa iyabebe bila kuyaacha yagande ndani. Ndiyo maana oili inakuwa nyeusi siku chache tu baada ya sevisi. Hiyo ni kazi inafanywa, usipige kelele kwa fundi.

Gari gani, oili gani

*Dizeli za kizamani.* Hapa kuna Land Cruiser ya 70 yenye injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2, silinda sita, bila turbo. Hii haina maringo. 15W-40 ya CI-4 inaitosha kabisa. Prado mzee ya 1KZ iko kwa hilo kundi pia, lakini hiyo ina turbo, so usicheze na muda wa sevisi.

*Common rail bila DPF.* Prado 120 na Hilux nyingi za injini ya 1KD, plus Isuzu D-Max za 4JJ1, mara nyingi ziko hapa. CI-4 bado ni sawa kwa nyingi, uzito ufuate kitabu cha gari. Lakini 1KD ina ugonjwa wake unaojulikana. Washa za shaba chini ya injekta zikianza kuvuja, gesi ya mwako inaingia kwa oili na kutengeneza kaboni kama lami. Hiyo kaboni inaenda kuziba chujio la kunyonya oili kwa sampu. Oili iko tele, kijiti cha kupima kinaonyesha imejaa, lakini juu haifiki. Ukinunua 1KD ya mkono wa pili, lipia fundi akague hizo washa na atoe sampu acheki chujio. Ni bei rahisi kuliko injini.

*Dizeli zenye DPF.* Hapa ndipo wasee wengi wanachomeka siku hizi. Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyopita miaka minane, so Prado za dizeli zinazotoka Japani sasa ni zile za 1GD, na hizo zina DPF, kichujio cha masizi kwa ekzosi. Masizi yanachomwa humo humo ukiendesha. Majivu ya oili hayachomeki, yanabaki hadi DPF izibe. Ndiyo maana unahitaji oili ya majivu kidogo. Tafuta JASO DL-1 ama ACEA C2 ama C3, ile kitabu chako kinataja, kwa kawaida 0W-30 ama 5W-30. Ukimwaga 15W-40 ya lori humo ju ni rahisi, utalipia baadaye.

Na usiende na jina la injini peke yake. 1GD ya soko lingine inaweza kuwa haina DPF. Angalia kitabu, ama ingia chini ya gari na fundi mcheki ekzosi.

Kuna msee atakuambia, "Hii ni mzee, wekea 20W-50 itulie." Kama kitabu hakiiruhusu, achana na yeye. Oili nzito inachelewa kufika kwa turbo asubuhi, na kelele inayofichwa haijapona.

Filta ni tatu, si moja

*Ya oili.* Hii unabadilisha kila ukibadilisha oili, bila mjadala. Kumwaga oili fresh kupitia filta chafu ni kama kuoga na kuvaa soksi za jana. Filta nzuri ina valvu ya kuzuia oili isirudi chini injini ikizimwa, na nyingine ya kufunguka karatasi ikiziba. Za magumashi hizo valvu ni hafifu ama hazipo.

*Ya dizeli.* Common rail inasukuma dizeli kwa presha ya zaidi ya baa 1,000 kupitia vitundu vidogo sana. Tone la maji ama mchanga humo ni kilio. Injekta moja inaweza kumeza pesa ya sevisi kadhaa. Filta nyingi zina sehemu ya chini ya kutoa maji, so mwambie fundi aifungue kila sevisi. Taa ya maji ikiwaka kwa dashibodi, simama uyatoe, usingoje ufike. Na chunga kenye unajaza. Watu walichanganya mafuta ya taa na dizeli hadi serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka wa 2018 kuzima hiyo biashara. Ukiwa mbali, jaza petroli stesheni yenye magari mengi, si dramu ya kando ya barabara.

*Ya hewa.* Ukienda Marsabit kwa lami, hii haihisi kitu. Ukitoka lami uelekee North Horr kupitia Chalbi, ni stori ingine. Vumbi likipita linasaga ringi za pistoni na mapanga ya turbo kama msasa. Mkiwa msafara, usikae kwa mkia wa gari ya mbele. Jioni toa filta uigonge taratibu. Ukitumia upepo, uwe wa presha ndogo, kutoka ndani kwenda nje. Alafu pitisha kitambaa cheupe ndani ya paipu iliyo baada ya filta. Kikitoka na vumbi, kuna mahali panavuja. Usiwashe hadi upapate.

Kilomita ngapi?

Kitabu kinaweza kukuambia 10,000, lakini kisome hadi mwisho. Vumbi, kuvuta mzigo na safari fupi fupi za jam zinaitwa kazi ngumu, na hapo vitabu vingi vinakata hiyo namba nusu. Kwa maisha yetu, kilomita 5,000 ni hesabu ya busara. Ukivuka mto na maji yakafika juu, cheki kijiti kabla ya kuendelea. Oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, imeingia maji. Usiwashe.

Kuepuka feki

Kirinyaga Road utapata kila kitu, orijino na feki, wakati mwingine kwa kaunta moja. "Hii ni jenuini, mkubwa" si risiti. Fanya hivi:

- Nunua kwa wakala anayetambulika, na udai risiti yenye jina la duka.
- Cheki sili ya kifuniko. Ikiwa imelegea ama ina gundi, wachana nayo.
- Bei ikiwa chini sana kuliko maduka mengine yote, jiulize kwa nini.
- Kuwa hapo wakati fundi anafungua mtungi na boksi la filta.
- Toboa mitungi mitupu kabla ya kuondoka. Feki nyingi zinajazwa kwa mitungi orijino ya jana.
- Filta mzee usiiache kwa gereji. Ikatwe ukiona. Ukipata vumbi la chuma linang'aa kwa karatasi, injini inakuita.

Siku ya sevisi

Injini iwe na joto kidogo ndiyo oili itoke yote. Weka washa mpya kwa nati ya kumwagia. Paka oili kwa raba ya filta, ikaze kwa mkono hadi iguse, alafu robo tatu ya mzunguko. Prado nyingi za dizeli zinakula karibu lita saba, lakini mwamuzi ni kijiti, si mtungi. Washa, usikanyage, ngoja taa nyekundu izime. Zima, subiri dakika tano, pima tena. Andika tarehe na kilomita kwa karatasi ubandike ndani ya mlango.

Na hiyo taa nyekundu ikiwaka ukiendesha, zima hapo hapo, hata kama ni porini na simba anakucheki. Anko alisema atasukuma tu hadi center ya mbele. Hakufika.