Mbogamche, si Majani Machanga

Mwenye imbwa mjini Kalemie akishauriwa amchanganyie mnyama wake "majani machanga" mabichi juu ya bukari (ugali wa huku), mkono wake utakwenda kwenye muhogo ulio nyuma ya nyumba. Halitakuwa kosa lake. Kwenye mwambao huu wa Ziwa Tanganyika majani machanga ni yale ya kileleni mwa muhogo yanayochumwa kwa ajili ya sombe, na baada ya hayo ni ncha za matembele. Hatafikiria trei ya figili au haradali iliyopandwa juma lililopita na kukatwa ikiwa na urefu wa kidole, ambayo ndiyo mshauri aliyoikusudia. Waliotuletea tafsiri hii ya mikrogrini walishika jina na kivumishi, wakaviweka pamoja, wakaona kazi imekwisha. Inaudhi, kwa sababu swali moja tu kwa mama anayeuza mboga sokoni lingetosha kuwaonyesha kwamba maneno hayo yana mwenyewe tayari, na kwamba mwenyewe huyo ana sumu.

Sombe inalika kwa sababu imetwangwa na kuchemshwa muda mrefu. Jani la muhogo lina linamarini. Likipondwa, linamarini hukutana na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nayo ndani ya jani lilelile, na sianidi hutoka. Kinu huifungua sumu hiyo, moto huifukuza. Na majani yaliyo machanga kwa kawaida ndiyo yenye sumu nyingi kuliko yaliyokomaa, kwa hiyo kivumishi kilichokusudiwa kuashiria ubora kinamwelekeza msomaji penye hatari kubwa zaidi. Najua jibu linalotolewa: kila mtu Kalemie anajua kwamba sombe hailiwi mbichi. Anajua, ndiyo, kwa chungu cha watu. Lakini ushauri wa chakula cha imbwa husema wazi kwamba majani hayo hupewa mabichi, na mtu anayemwamini mshauri huchukua maneno yake jinsi yalivyo. Istilahi inayomtegemea msomaji aikatae ili asidhurike haifai kuitwa istilahi.

Kosa lenyewe ni la mantiki kabla ya kuwa la lugha. Jani changa na mmea mchanga ni vitu viwili. Muhogo wa mwaka mzima, wenye shina gumu na mizizi iliyo tayari kuchimbwa, una majani machanga kileleni kila siku. Mmea umekomaa, jani ndilo changa. Mboga tunazozizungumzia ni mmea mzima ulio mchanga: mbegu imeota udongoni, imefungua yale majani mawili ya kwanza yaliyokuwa yamekunjwa ndani ya mbegu, pengine na jani halisi la kwanza limeanza kuchomoza, kisha shina linakatwa juu ya udongo na mzizi unaachwa, kwa kawaida kati ya siku 7 na 21 tangu kuota. Hapo umri wa mmea ndio kila kitu. Tafsiri isiyosema umri wa mmea imesema jambo jingine.

Kiswahili hakijawahi kuwa maskini mahali kama hapa. Kitu kinapobadilika matumizi kwa kupita hatua, lugha yetu hukipa jina jipya na kuacha kukibandika kivumishi: mpunga shambani, mchele gunioni, wali sahanini. Watu wa pwani wana kidaka, kitale, dafu, koroma, halafu nazi, na mnywaji wa dafu hasemi amekunywa nazi changa. Kwa hatua tunayoitafuta jina lipo pia. Ni mche. Mche ni mmea ulioota, wenye shina lake na majani yake ya kwanza, unaohesabika mmoja mmoja kitaluni. Kutoka hapo njia ya kufika kwenye mbogamche ni fupi: mboga inayoliwa ikiwa bado mche.

Wapo wanaopendelea kimea, na hoja yao ina uzito zaidi kuliko ya majani machanga, kwa kuwa inatoka kwenye kitenzi kikongwe. Kumea ni neno la Kibantu la zamani sana. Kibemba, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kitabwa kinachosemwa kusini mwa Kalemie, kina -mena kwa maana ileile, na kwetu konsonanti ya mwisho ya mzizi imedondoka kama zilivyodondoka sauti nyingine nyingi. Lakini ukongwe wa mzizi hauondoi ukweli kwamba kimea kimeshaajiriwa. Ni nafaka iliyoloweshwa, ikaota, ikakaushwa na kusagwa kwa ajili ya pombe au uji. Mtu akiambiwa ampe imbwa kimea ataleta unga, na hakuna kamati inayoweza kumwondoa mpika pombe kwenye neno alilolitumia kabla ya kamati kuzaliwa.

Wengine wanasema chipukizi. Neno ni zuri, lakini kisiki kilichokatwa hutoa chipukizi, tawi hutoa chipukizi, na mwanamuziki anayeanza huitwa chipukizi. Mbegu haimo ndani yake kwa lazima. Zaidi ya hayo, tunalihitaji kwa kitu kingine kilicho jirani mno: mbegu zilizooteshwa ndani ya maji na unyevunyevu, bila udongo wala mwanga, zikaliwa nzima pamoja na mzizi na ganda. Tofauti hii si ya wapenda kamusi peke yao. Mwaka 2011 Ujerumani ilipata mlipuko wa bakteria ya E. koli uliohusishwa na chipukizi za uwatu. Watu zaidi ya 50 walikufa na karibu 4,000 waliugua. Joto na unyevunyevu vinavyootesha mbegu ndivyo vinavyokuza bakteria, na mlaji humeza mbegu yenyewe na mzizi wake. Mche uliokatwa juu ya udongo huacha sehemu kubwa ya hatari hiyo nyuma, ingawa hauiondoi yote. Katika mji kama Kalemie, ambao kipindupindu kimeurudia mara nyingi na unajua maji machafu hufanya nini, kuviita vitu hivyo viwili kwa jina moja ni uzembe usiosameheka.

Kuna pia wanaotaka tukope, tuseme mikrogrini, kwani tulikopa shule na daktari na lugha haikufa. Sina uadui na mkopo. Ila kwetu mkopo huja kwa milango miwili. Kigoma watapokea neno la Kiingereza, Kalemie tutapokea la Kifaransa, kama ambavyo wao wana hospitali na sisi tuna lopitalo, na watu wanaotazamana ng'ambo ya ziwa watakuwa na majina mawili ya mboga ileile. Mche na mboga vinaeleweka pande zote mbili bila kumuuliza mkoloni yeyote.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linahusu mboga. Neno hilo, wanasema, limetanuka mno: kwa wasemaji wengi wa bara mboga ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali, hata samaki. Ni kweli, na mizizi yake ni ya Kibantu cha kale vilevile, lakini utanuzi huo ndio unaonivutia. Mboga ni kile kinachosindikiza chakula. Hakuna mtu anayeshiba mboga. Imbwa wa Kalemie hula bukari lililobaki na vichwa vya ndagala, na mwili wake umezoea hivyo: utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwamwitu. Majani yanaingia hapo kama kisindikizo, na mizani inayotumiwa na madaktari wengi wa mifugo ni kwamba nyongeza zote kwa pamoja zisipite sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula cha siku. Jina lenye mboga ndani yake limeshataja kipimo. Pia linafunga milango ambayo mche peke yake ungeiacha wazi: mche wa mtama una sumu ya jamii ileile ya sianidi, lakini mtama ni nafaka, hakuna anayeuita mboga, na kitunguu, ambacho huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, ni kiungo.

Mpangilio wa sehemu mbili nao una sababu. Katika mbwamwitu na batamzinga neno la kwanza hutaja aina na la pili hulibainisha. Mbogamche kwa hiyo ni aina ya mboga. Tukigeuza tukasema mchemboga, tutarudi kwenye miche ya mboga inayouzwa kitaluni ili ikapandikizwe, jambo ambalo tayari lina jina lake. Na anayedai kwamba mche lazima uhamishwe na kukua, la sivyo si mche, anachanganya umri na hatima. Mche uliokauka kitaluni ulikuwa mche. Wakulima wanaopunguza lengalenga zilizosongamana tutani hupika wanazozing'oa, na tangu zamani wamekula mboga zikiwa miche bila kungoja ruhusa ya mwanaisimu.

Kuhusu faida, watafiti wa Marekani walipima aina 25 za mbogamche mwaka 2012 wakakuta nyingi zina vitamini kwa wingi kuliko majani yaliyokomaa, kabichi nyekundu ikiongoza kwa vitamini C na giligilani kwa karotenoidi, jamii ambayo karotini imo. Vitamini C mbwa huitengeneza mwenyewe inini. Karotini ndiyo ya kuangaliwa, kwani mbwa huweza kuigeuza kuwa vitamini A, kazi ambayo paka hawezi. Kwa matumizi: osha, katakata sana kwa kuwa imbwa hatafuni, nyunyizia kidogo juu ya bukari lililopoa, anza na lengalenga, haradali au figili, na usiguse kitunguu, saumu, maharage mabichi wala muhogo. Ngeli ni ya I-/ZI-: mbogamche hii imekatwa, mbogamche hizi zimekatwa, aina hutajwa kwa -a unganifu, mbogamche za lengalenga, mbogamche za figili.