Bonde la Kilombero Lilivyotazamwa Kutoka Juu

Juma hili tuzungumzie ramani. Na tuanze na Bonde la Kilombero, kwa kuwa ni mahali ambapo ramani imeleta manufaa na magomvi kwa pamoja.

Bonde hilo wengi mnalijua kwa mchele wa Ifakara na sukari ya Kidatu. Kaskazini-magharibi imesimama milima ya Udzungwa, kusini-mashariki kuna Mahenge, na katikati ni uwanda ambao masika hugeuka ziwa. Wazee wa Kindamba, waliokulia katika mitumbwi, hawakuhitaji karatasi ya mtu kuwaeleza maji yatafika wapi. Aliyehitaji karatasi ni Serikali.

Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya upimaji wa makoloni yake, na ndege za jeshi la anga zikapita juu ya Tanganyika zikipiga picha. Kutokana na picha za namna hiyo zikachorwa ramani za mizani ya 1:50,000, ambazo maofisa wetu wa ardhi walizitegemea kwa miaka mingi baada ya Uhuru. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, nalo lilichunguza bonde lote la Rufiji, Kilombero ikiwamo, likatoa taarifa yake mwaka 1961. Siku hizo ukitaka kujua ukubwa wa msitu, au wa udongo unaofaa mpunga, ulipima juu ya karatasi kwa mkono, kipande kwa kipande.

Ni ugumu huo uliozaa ramani ya kompyuta, na hapa Afrika Mashariki inaingia katika habari hii kwa namna isiyosemwa vya kutosha. Mwaka 1960 kampuni ya Spartan Air Services ya Kanada ilitakiwa kutafuta mahali pa kupanda miti na kujenga kiwanda cha karatasi nchini Kenya. Kijana mmoja wa kampuni hiyo, Roger Tomlinson, aliona kwamba kupandanisha ramani nyingi kwa mkono, moja juu ya nyingine, kungegharimu fedha nyingi kupita kiasi. Kazi ikakwama. Tomlinson akawaza: kwa nini ramani isigeuzwe tarakimu, kompyuta ikafanya hesabu? Kenya haikufaidi wazo hilo. Kanada ndiyo iliyofaidi, kwani kuanzia mwaka 1963 serikali yake ilimpa kazi ya kuorodhesha ardhi ya nchi nzima kwa njia hiyo. Alipofariki mwaka 2014, dunia ilikuwa ikimwita baba wa fani hiyo.

Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ikarusha setilaiti ambayo baadaye iliitwa Landsat 1. Ilizunguka umbali wa kilomita 900 hivi kutoka ardhini na kurudi juu ya mahali pale pale kila baada ya siku 18. Kifaa chake kikuu hakikupiga picha kwa filamu. Kilituma tarakimu, na kila tarakimu ilisimama badala ya kipande cha ardhi chenye upande wa mita 80 hivi. Hiyo ni kama eka moja na nusu. Basi dungu la mkulima, lile banda la juu analokaa msimu mzima akilinda mpunga wake mbali na kijiji, kwa setilaiti hiyo halikuwapo kabisa.

Mwaka 1975 kilianzishwa mjini Nairobi kituo cha nchi za kanda hii cha kushughulikia upimaji, ramani na picha za setilaiti. Nia ilikuwa njema, lakini bei ilikuwa kali. Baada ya sheria ya Marekani ya mwaka 1984 kukabidhi biashara hiyo kwa kampuni, picha moja ilifika zaidi ya dola 4,000. Idara gani ya wilaya ingeweza? Na Landsat 5, iliyorushwa mwaka huo huo wa 1984, haikuwa na mkanda wa kurekodia, kwa hiyo picha zetu za miaka hiyo ni haba. Juu ya hayo yapo mawingu ya masika, yanayolifunika bonde wakati ule ule linapofurika. Rada ya setilaiti ya Ulaya, ERS-1, iliyorushwa mwaka 1991, ndiyo iliyoweza kupenya mawingu.

Pale Ifakara, ambako Waswisi walifungua maabara mwaka 1957, ramani ya kompyuta iliingia kwa mlango wa afya. Mwaka 1998 ilichapishwa kazi iliyoonyesha watoto waliolazwa kwa malaria kali walitoka vijiji gani vya wilaya ya Kilombero. Ramani ya namna hiyo ina mtego wake. Ukiitazama haraka utasema ugonjwa umejaa jirani na hospitali, kumbe wa jirani ndio wanaofika. Mtoto wa ng'ambo ya mto, wakati ule wa kivuko kabla ya daraja kuzinduliwa mwaka 2018, angeweza kuugua na kufa asihesabiwe.

Mtego mwingine ni wa vipimo. Ramani za zamani zilijengwa juu ya msingi wa mahesabu uitwao Arc 1960, na vifaa vya GPS hutumia msingi mwingine. Asiyejua kubadilisha hukosea kwa karibu mita 300. Mahali penye mpaka, mita 300 ni shamba la mtu.

Na mipaka bondeni haikosekani. Mwaka 2002 sehemu ya karibu hekta 800,000 iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu za kimataifa. Mwishoni mwa mwaka 2012 wafugaji na mifugo yao waliondolewa kwa nguvu. Tangu mwaka 2008 picha za Landsat ni za bure, na ukilinganisha za zamani na za sasa unaona wazi kwamba mashamba yamekula nyasi na misitu. Lakini rangi ya kijani ikigeuka hudhurungi, picha yenyewe haisemi kama ni jembe la mwenyeji, ng'ombe wa mgeni au trekta la mwekezaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inatambua mipaka ambayo vijiji jirani vimekubaliana, na makubaliano hayo bado hufanywa kwa miguu, wazee wa pande mbili wakioneshana mti, kijito na kichuguu.