Shimo jeusi kwenye No Man's Sky: njia ya mkato yenye gharama

Kwenye No Man's Sky, gemu la Hello Games ya Uingereza lililotoka 2016, shimo jeusi halimmezi mchezaji. Linamrusha mbali, karibu zaidi na kitovu cha galaksi.

Kulipata, anaita Space Anomaly, anaomba kuonyeshwa shimo lilipo, kisha anafuata njia kwenye ramani ya galaksi. Akifika ni kulielekezea tu pua ya chombo.

Balaa liko upande wa pili: mtambo wa chombo unaweza kuharibika, na bila vifaa vya kutengenezea, safari inaweza kusimama hapo hapo. Shimo la kumrudisha halipo. Afadhali mwenye makazi aliyojenga, atarudi kwa teleporta ya kituo cha anga, akifanikiwa kukifikia.