Ua la shaba

Katika Katanga viko vilima visivyo na miti, ingawa msitu unavizunguka pande zote. Sababu ni shaba: ikizidi katika udongo ni sumu kwa miti. Lakini nyasi na maua fulani yamezoea kukaa humo.

Moja ni Haumaniastrum katangense, liitwalo ua la shaba. Ni la jamaa ya mnanaa. Maua yake ya zambarau hukusanyika penye ncha ya shina. Lapenda hasa udongo wa shaba uliokwisha kuchimbuliwa. Kwa hiyo wachunguzi walilifuata, wakakuta matanuru ya wazee wetu chini yake.

Wengine husema kwamba shaba yetu ilivumbuliwa na wageni. Sivyo. Mwaka 1892 Jules Cornet alipopita akipima mawe, alikuta mashimo ya wenyeji. Na katika makaburi ya kale ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, yaliyofukuliwa mwaka 1957, mlikuwa na misalaba ya shaba.

Leo mashine zinakula vilima hivi. Kilima kikiisha, ua limekwisha, na ushuhuda wa wafua shaba pia. Basi, wazazi, waonyesheni watoto ua hili lingalipo.