Dhahabu ya Kwanza ya Kenya Ilitoka Kisiwani

Ferdinand Omanyala aliposhinda mbio za mita 100 mjini Birmingham tarehe 3 Agosti 2022, ilibidi wenye kumbukumbu warudi nyuma miaka 60 kumtafuta Mkenya mwingine aliyewahi kutwaa dhahabu ya mbio fupi kabisa katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Wakamkuta Seraphino Antao. Wakalitaja jina, wakapita. Hapa Mombasa hatuna ruhusa ya kupita hivyo, maana Antao alikuwa wetu.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1937, mtoto wa Wagoa, jamii ya Kikatoliki iliyotoka pwani ya India na kushika kalamu katika ofisi za serikali, bandari na reli. (Goa hiyo hiyo ndiko walikotoka askari wa Wareno wa ngome yetu ya Fort Jesus. Safari hii ilitutumia watu wa amani.) Mwanahabari mkongwe Cyprian Fernandes, Mgoa mwenzake, amewaandika sana wanamichezo wa jamii yao, na fahari yake kwao inaambukiza, msomaji aniwie radhi ikiwa nami nimeambukizwa.

Chini ya kocha Ray Batchelor, Antao alifika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Cardiff mwaka 1958, kisha Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Mwaka 1962 akaenda London na kuwanyang'anya Waingereza mataji yao mawili ya kitaifa, yadi 100 na yadi 220.

Ndipo ikaja Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Perth, Novemba mwaka huo. Joto la Australia lilikuwa la ajabu: siku ya ufunguzi lilipita nyuzi 40, hata wanajeshi wakawa wanawapelekea wanariadha maji uwanjani. Wengine walilalamika. Mtu aliyekulia kwenye kaskazi ya Mombasa sidhani kama alishtuka sana.

Katika yadi 100 aliyeogopwa ni Harry Jerome wa Canada, mmoja wa wenye rekodi ya dunia. Fainali ilipoanza, Jerome alichanika msuli wa paja akamaliza wa mwisho, na baadhi ya magazeti ya kwao yakamwita mwoga anayekata tamaa. Antao alishinda kwa sekunde 9.5. Tangu hapo kuna wabishi wanaosema kwamba Mmombasa aliokota dhahabu iliyoangushwa na kilema. Maneno ya watu wasiosoma matokeo! Wa pili alikuwa Tom Robinson wa Bahamas, bingwa wa yadi 220 kule Cardiff. Wa tatu Michael Cleary, winga wa raga wa timu ya taifa ya Australia, akikimbia mbele ya watu wake. Hao nao walikuwa vilema? Siku chache baadaye Antao akarudi uwanjani na kutwaa yadi 220 pia, mbele ya David Jones wa Uingereza. Kuhusu Jerome, aliyemwita mwoga alikuja kuaibika, kwani mwaka 1966 Jerome alitwaa dhahabu ile ile mjini Kingston.

Kabla ya Perth Kenya ilikuwa na shaba tu katika michezo hiyo, zile za Cardiff za Bartonjo Rotich na Arere Anentia. Dhahabu zake za kwanza ni hizo mbili za Antao, na nchi bado ilikuwa koloni. Uhuru ulikuwa umebakiza zaidi ya mwaka mmoja.

Katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 Antao alibeba bendera ya Kenya huru, lakini mbio zilimgomea, hakufika fainali. Medali ya Kenya ilikwenda kwa Wilson Kiprugut. Antao baadaye alihamia London, akafariki huko tarehe 6 Septemba 2011.

Mwaka 2007 dunia nzima ya mbio za nyika ilikuja kisiwani kwetu, tukashangilia watu wa Bonde la Ufa na nyanda za juu hadi koo zikakauka. Sina kinyongo nao. Kinachoniudhi ni masimulizi yanayoanza na Kipchoge Keino kule Mexico mwaka 1968, kana kwamba kabla yake Kenya ilikuwa ikitembea. Keino mwenyewe alikuwamo katika timu ya Perth, kijana wa miaka 22. Katika mbio za maili tatu alimaliza wa 11.