Juha Aliyepoteza Hadithi Zake

Neno juha lilifika pwani yetu likiwa nusu. Kwa Waarabu, Juha ni mtu mwenye jina lake. Ibn al-Nadim wa Baghdad, alipoorodhesha vitabu vya zama zake katika karne ya 10, alikitaja na kitabu cha visa vya Juha. Ni yule anayepanda punda, anayebishana na kadhi, anayelijibu swali la kipuuzi kwa jibu la kipuuzi zaidi mpaka muulizaji ajione mwenyewe. Waturuki wana mwenzake, Nasreddin Hoca, ambaye kaburi lake huonyeshwa mjini Akşehir. Kwetu Juha aliivua herufi kubwa, akawa tusi. Ukimwita mtu juha leo, iwe Lamu au Mwanza, humwachii hata chembe ya busara: umemwita bozi, zuzu, baradhuli, asiyejua mbele wala nyuma. Herufi kubwa ilimrudia angalau katika gazeti la Taifa Leo, ambako vizazi vya wasomaji vilimfuata Juha Kalulu, katuni ya Edward Gitau.

Visa vya yule Juha wa Waarabu navyo vilivuka bahari, ila vilishukia kwa mtu mwingine. Vilimshukia Abunuwasi. Huyu wa historia, al-Hasan ibn Hani, alizaliwa Ahvaz, akafia Baghdad mnamo mwaka 814 hivi. Alikuwa bingwa wa mashairi ya mvinyo na mapenzi, na hakuna aliyemhesabu mpumbavu. Kwa hiyo sisi tunalo jina la mpumbavu lisilo na hekima, na tunazo hadithi za hekima zilizopachikwa kwa mshairi. Naamini hapa ndipo ilipo shida yetu ya istilahi tunapotaka kumtaja yule mhusika ambaye fasihi za dunia zinampenda sana: anayeonekana hana akili, na kumbe ndiye pekee anayeona.

Darasani, maneno yanayokuja upesi ni mawili: mjinga mwerevu na mpumbavu mwenye hekima. Watu huyatumia kana kwamba ni kitu kimoja. Siyaoni hivyo hata kidogo. Mjinga ni asiyejua. Kamusi za kale zinampa pia maana ya mgeni, aliyewasili juzi na hajazoea mambo ya mahali. Ujinga hutoka kwa kufundishwa, na ndiyo maana tunasema mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani. Mpumbavu ana kasoro nyingine: akielezwa haelewi, au anaelewa na bado hafuati. Upande wa pili wa istilahi nao una mgawanyiko. Werevu ni ndugu wa ujanja. Sungura ni mwerevu, na werevu wake mara nyingi unaishia tumboni mwake. Hekima haiulizi nitapata nini.

Chukua kisa cha sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, na siku ya kuirudisha anaweka ndani yake kisufuria kidogo. "Sufuria yako imezaa," anasema. Jirani anapokea vyote viwili na kushukuru. Abunuwasi anaazima tena, safari hii harudishi. Jirani anapokuja kudai anapewa mkono wa pole: sufuria imefariki. Kesi inapelekwa barazani, na mlalamikaji anashindwa, maana aliyekubali kuwa sufuria huzaa hawezi kukataa kuwa hufa.

Wasimulizi wengi hulikimbilia jibu hilo la mwisho. Mimi hunishika zaidi pale jirani anapofunua kifuniko. Anajua fika kwamba chuma hakizai. Kwa nukta moja ana nafasi ya kusema hiki si changu, kisha anakichukua. Kiswahili kina usemi uliokaa kama umeshonwa kwa ajili yake: amejitia hamnazo. Hamnazo ni asiye nazo, na zo hapo ni akili. Kujitia hamnazo ni kujifanya huelewi jambo unalolielewa vizuri. Jirani amejitia hamnazo kwa tamaa. Abunuwasi naye, aliyetangaza uzazi wa sufuria bila kucheka, amejitia hamnazo kwa hila. Wapumbavu wawili wa kujitakia wamesimama mlangoni wanatazamana, na mmoja wao ameshapanga mwisho wa mchezo. Huo ni werevu, na kisa kinatufurahisha kwa sababu aliyenaswa amenaswa na tamaa yake. Lakini Abunuwasi amebaki na sufuria.

Sasa mweke pembeni yake yule mchekeshaji asiye na jina katika King Lear, tamthilia ya Shakespeare iliyochezwa mbele ya mfalme wa Uingereza Desemba 26, 1606. Lear ameshagawa ufalme kwa mabinti wawili waliomsifu na kumfukuza yule wa tatu aliyempenda. Mchekeshaji anapoingia kwa mara ya kwanza, tendo lake la mwanzo ni kutoa kofia yake ya kazi na kumpa Kent, mtu mzima mwenye heshima, kwa sababu Kent ameamua kumtumikia mtu aliyekwisha kuanguka. Kisha anasema kofia hiyo ingemfaa mfalme pia. Hapati kitu kwa maneno hayo, anatishiwa mjeledi. Dhoruba inapowakuta nje usiku, wenye akili zao wako ndani wamefunga milango, naye yuko kwenye mvua pamoja na bwana wake. Huyu siwezi kumwita mjinga mwerevu. Mwerevu angekuwa ndani.

Wakubwa wa jukwaa walimwona mzigo. Mwaka 1681 Nahum Tate aliiandika upya tamthilia hiyo, akaipa mwisho mwema na kumfuta mchekeshaji kabisa. Hakurudi jukwaani mpaka mwaka 1838, mwigizaji Macready alipomrudisha na kumpa nafasi hiyo mwigizaji wa kike, Priscilla Horton. Zaidi ya miaka 150 watu walimtazama Lear akiwa hana wa kumwambia ukweli kwa mzaha. Nikisoma habari hiyo ninauona uzito wa mhusika huyu zaidi kuliko katika uhakiki wowote.

Robert Armin, mwigizaji wa kundi la Shakespeare aliyebobea katika nafasi hizi, aliandika kitabu kuhusu wapumbavu mwaka 1600. Watu wa wakati wake waliwatenga wapumbavu wa kuzaliwa na wapumbavu wa kazi. Mgawanyo huo tunauhitaji. Wa kazi tunaweza kumwita mjitia hamnazo bila wasiwasi, kwani kitenzi kujitia kinabeba hiari yake, na hiari ndiyo inayomhatarisha. Neno chale, tunalompa mchekeshaji, linamfaa akiwa anachekesha tu. Likibebeshwa hekima linaelemewa.

Kwa asiyejitia chochote kuna njia ya zamani. Al-Nisaburi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, alitunga kitabu kuhusu wenye akili miongoni mwa wendawazimu, na humo yumo Bahlul, aliyewaambia wakubwa wa enzi ya khalifa Harun al-Rashid yale ambayo wazima hawakuthubutu. Kichwa cha kitabu hicho kina maneno mawili ambayo mizizi yake iko kwetu tayari: akili na majununi. Majununi mwenye akili ni istilahi ambayo Mswahili ataielewa bila kufafanuliwa, nayo inatutoa kwenye taahira na punguani, maneno yanayomjeruhi mtu halisi kabla mhusika hajasema neno. Ingetusaidia pia kumsoma Chizi wa Nguzo Mama, tamthilia ya Penina Muhando ya mwaka 1982, ambaye jina lake limeshamhukumu kabla hajafungua mdomo.

Anabaki mmoja anayekataa kuingia kote kuwili: Myshkin, mwanamfalme wa riwaya ya Dostoevsky, The Idiot, ya miaka ya 1868 na 1869. Hachezi, na hana wazimu. Anaugua kifafa, anasema analoliona, na wanaomcheka hurudi kwake usiku kuungama. Ndani ya treni, katika sura ya kwanza, Rogozhin anamfananisha na wale wapumbavu watakatifu wa Urusi ambao Mungu anawapenda. Huyu nitamwita maskini wa Mungu, kama wanavyosema bibi zetu juu ya mtu asiye na hila wala wa kumtetea. Najua maskini huleta picha ya mkono unaoomba, ilhali Myshkin anapata urithi mkubwa kabla riwaya haijafika mbali. Hata hivyo bibi zetu hawakuwa wanazungumzia fedha, na nitalitetea neno hilo mbele ya mtu yeyote anayeandaa kamusi ya fasihi.