Rambaza: Historia ya Neno la Wavuvi na Chambo cha Bandia

Katika makala hii nakusudia kueleza historia ya neno moja la wavuvi wa pwani yetu, nalo ni kitenzi rambaza, na kuonyesha kwamba maana yake haiwezi kufahamika barabara pasipo kuifahamu kazi iliyolizaa. Nimeiandika Mkuyuni, chini ya milima ya Uluguru upande wa mashariki, katika njia ya kutoka Morogoro kwenda Matombo. Huenda msomaji akauliza mtu wa Mkuyuni ana nini na bahari. Swali hilo ni la haki, na ndilo lililonifanya niandike.

Sisi tuliozaliwa huku tuliila bahari kabla ya kuiona. Papa mkavu na ng'onda vilifika sokoni kwetu vikiwa na chumvi yake, kama vilivyofika bara kwa misafara zamani, kabla ya reli ya kati kufika Morogoro mwaka 1907. Na maji yetu huenda huko huko, kwa maana mito ya Uluguru huingia Ruvu, na Ruvu huingia bahari karibu na Bagamoyo. Hata hivyo uvuvi tuujuao ni wa mtoni: mgono uliotegwa penye maji membamba, au ndoana yenye nyungunyungu iliyotupwa kwenye kidimbwi kwa ajili ya kambale. Katika uvuvi huo mvuvi hutulia, chambo hutulia, samaki ndiye ajaye. Maji ya kifuu, bahari ya chungu.

Kwa sababu hiyo nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo, na kukuta neno rambaza katika maandishi niliyopewa kuyafasiri, nililifasiri kwa maana ya kutangatanga. Mwalimu wangu aliikubali tafsiri hiyo. Naye hakuwa na sababu ya kuikataa. Miaka mingi baadaye, Bagamoyo, mzee mmoja mvuvi alinisahihisha kwa upole. Alinieleza kwamba atangatangaye hajui alipo, lakini arambazaye ajua alipoanzia, ajua maji yanamchukua wapi, na ajua wapi atakunja mshipi ili arudi kuanza tena. Tangu siku ile nimeliona neno hili kwa jicho jingine.

Basi kurambaza ni nini? Ni kuvua kwa mshipi hali chombo hakikutiwa nanga, bali kimeachwa kichukuliwe na mkondo au upepo. Hapa yafaa tutofautishe njia mbili. Mvuvi wa changu na chewa hutafuta mwamba, hutia nanga, hushusha ndoana yenye kipande cha ngisi au cha samaki, na chubwi huipeleka chini. Samaki wa mwambani huvutwa hasa na harufu, na harufu yataka muda ienee. Kwa hiyo kutulia ni faida. Lakini nguru, jodari, kolekole na felusi ni samaki wa mbio, wawindao kwa macho. Wao hukimbilia kitu kinachong'aa, kinachotikisika na kinachokimbia kama dagaa aliyejitenga na wenzake. Kwa samaki hawa kutulia ni hasara.

Hapo ndipo chambo cha bandia kinapoingia. Manyoya meupe ya kuku, kipande cha kitambaa, nyuzi zilizochambuliwa katika gunia, au kipande cha bati kilichosuguliwa, hufungwa juu ya ndoana hata ikafichika. Kitu hicho hakina harufu wala ladha. Kikisimama ni takataka; kikienda ni samaki. Uhai wake wote ni mwendo, na mwendo huo hutoka katika mambo mawili: mkono wa mvuvi unaovuta na kuachia, na chombo kinachosogea. Kwa hiyo si ajabu kwamba chambo cha bandia na kurambaza vimefuatana.

Yafaa tulitazame pia neno bandia. Zamani bandia lilikuwa jina la mwanasesere, yule mtoto wa matambara wa kuchezewa na watoto wa kike; ndipo ikasemwa mtoto wa bandia, na baadaye kila kitu cha kuiga kikaitwa cha bandia. Anayeshika mkononi chambo cha manyoya na matambara ataona kwamba jina hili limemkaa vizuri kuliko fedha au hati zinazoitwa bandia leo: ni mwanasesere wa samaki kweli kweli.

Tukiuliza kazi hii ni ya tangu lini, ushahidi wa vitu hautoshi. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1 kiitwacho Periplus kinataja, katika kisiwa cha Menouthias, mitumbwi na vyombo vya kushonwa vilivyotumiwa kuvulia samaki na kasa, na vikapu vilivyotegwa penye milango ya maji, mshipi hakikuutaja. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, alikochimba Mark Horton katika miaka ya 1980, mifupa aliyoichunguza pamoja na Nina Mudida ilionyesha kwamba wakazi wa kwanza walivua hasa maji ya karibu na miamba, na samaki wa maji makuu wakaongezeka baadaye. Lakini mfupa wa samaki hausemi alivuliwaje. Uzi huoza, manyoya huoza, ndoana ya chuma huliwa na kutu. Katika historia ya uvuvi wa pwani yetu, kilichodumu kuliko vyombo vyenyewe ni maneno. Mahali palipo na kitenzi maalumu cha kuvua bila nanga, mbali na vua na tega, pana jamaa ya watu walioifanya kazi hiyo muda wa kutosha hata wakaona haja ya kuipa jina lake peke yake.

Karne ya 20 ilileta mageuzi ya vyombo, si ya ujuzi. Wageni wenye fimbo za kuvulia na mashua za injini walianza kuja Malindi. Ernest Hemingway alivua huko mwaka 1934. Mwaka 1936 Lauri Rapala wa Ufini alichonga kwa kizibo samaki wa bandia aliyeyumba majini kama aliyejeruhiwa, na mfano huo ukaenea ulimwenguni. Mwaka 1938 nailoni ilitangazwa Marekani, na baadaye nyuzi zake zikachukua mahali pa mishipi ya pamba. Siku hizi wako pia wavuao kwa kipande cha risasi au chuma chenye umbo la samaki, kinachoshushwa hadi kina na kuchezeshwa juu chini. Hata hapo kanuni ni ile ile. Chombo kikichukuliwa na mkondo tu, mshipi hushuka wima, kwa kuwa chombo na maji vyaenda pamoja. Upepo ukikisukuma chombo kuliko maji, mshipi hulala upande, na mvuvi hana budi kuongeza uzito au kubadili mahali. Mvuvi wa ngarawa na mgeni wa mashua ya injini wanalisoma somo moja.

Sasa nije kwenye jambo linalonishughulisha. Tangu kazi ya kuipa kompyuta lugha yetu ilipoanza, nayo ilizaa Jambo OpenOffice katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, tumehitaji istilahi nyingi. Leo urambazaji husomwa kwa maana ya kupita kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, na pia kwa maana ya kuongoza chombo cha bahari au cha anga katika njia yake. Wanafunzi wangu wengi hulijua neno kwa maana hizo tu. Nilipowaambia darasani kwamba ni neno la mshipi na ndoana, walicheka.

Mtu aweza kulalamika kwamba maana imepinduliwa: neno la kukiachia chombo limefanywa neno la kukiongoza. Mimi nilifikiri hivyo, hata nilipokumbuka maneno ya mzee wa Bagamoyo. Arambazaye hakuacha uongozi. Ameacha kushindana na maji. Ameongoza kabla, kwa kuchagua mahali pa kuanzia, saa ya maji na upande wa upepo. Na aongoza bado, si mwili wa chombo bali mwisho wa mshipi, asikokuona. Ukiitazama hivyo, istilahi mpya haikulisaliti neno. Ambalo litalisaliti ni kusahau lilikotoka, kwa maana hapo litabaki sauti tupu, kama chambo cha bandia kilicholala ndani ya kapu.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. La kwanza, kamusi zetu ziitangulize maana ya uvuvi, tena ziieleze kwa ukamilifu, zitaje nanga, mkondo na mshipi, ndipo zifuate maana za kompyuta na za uongozi wa vyombo. La pili, anayekusanya maneno ya wavuvi apande chombo. Maneno haya hayakai vizuri ukumbini. Mimi niliyetoka kando ya Ruvu nilihitaji kufuata maji yake hadi yanapokwisha ndipo nikajua kosa langu. Na kosa la namna hiyo, likiingia katika kamusi, hudumu kuliko mwandishi wake.